Kampi, Barza na Lupango: Kuhifadhi Sura ya Asili ya Nyumba za Wafanyakazi mjini Lubumbashi

Msafiri anayeshuka katika uwanja wa ndege wa Luano, kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, hupokewa kwanza na kuta. Upande huu wa mji unajengwa kwa haraka, na ujenzi wenyewe una desturi yake: kiwanja huzungushiwa ukuta mrefu wa matofali ya saruji, hutiwa lango la chuma, na nyumba iliyomo ndani haionekani ila paa lake. Msafiri huyo akivuka mji mzima hadi kusini-magharibi, karibu na mto Lubumbashi, penye dohani ndefu na kilima cheusi cha mabaki ya tanuri, atakuta ujenzi wa namna nyingine kabisa. Hapo zimo nyumba ndogo za matofali ya kuchoma zilizopangwa kwa safu zilizonyooka, familia mbili au zaidi zikiegemea ukuta mmoja, kila moja ikitazama njia pamoja na barza yake. Hizi ni nyumba za kampi, zilizojengwa na kampuni kwa ajili ya wafanyakazi wake.

Makala haya yanakusudia kueleza sura ya asili ya nyumba hizo ni ipi, kwa nini inapotea, na ni kitu gani hasa kinachostahili kuhifadhiwa. Swali hili la mwisho si jepesi kama linavyodhaniwa. Nyumba ya kampi ilikuwa makao, lakini pia ilikuwa chombo cha utawala. Anayesema ihifadhiwe kama ilivyokuwa hana budi kueleza ni lipi kati ya hayo mawili analotaka kulihifadhi. Aidha, kwa kuwa jarida hili ni la wanafunzi wa lugha, itafaa kuonyesha kwamba maneno wanayoyatumia wenyeji kuzitaja sehemu za nyumba yao yanatoa jibu ambalo ramani za wajenzi haziwezi kulitoa.

Chimbuko la nyumba za kampi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli kutoka Rodezia ilifika mwaka 1910, mwaka ambao mji wa Élisabethville ulianzishwa, na mwaka 1911 tanuri la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba. Wafanyakazi wa miaka ile ya kwanza waliandikwa kwa mikataba ya miezi michache, wengi wao wakitoka Rodezia ya Kaskazini. Walikuja bila wake zao na kurudi kwao mkataba ulipokwisha. Kwa mtu wa namna hiyo kampuni haikuona haja ya nyumba: kibanda cha udongo au bweni vilitosha. Matokeo yake yanajulikana. Kichomi, kuhara damu na homa ya matumbo viliua watu wengi, hata madaktari wa kampuni, A. Pearson na R. Mouchet, wakaandika kitabu kizima juu ya usafi wa makambi ya wafanyakazi, kilichochapishwa mwaka 1923.

Badiliko kubwa lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1920. Kupata wafanyakazi kulikuwa kumekuwa kugumu na kwa gharama kubwa, na kila mkataba ulipomalizika ujuzi wote uliondoka na mwenyewe. Hivyo mwaka 1928 kampuni ilianza kwa bidii siasa ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja: mikataba ya miaka mitatu, ruhusa na hata motisha ya kuja na mke, posho ya familia, zahanati, na shule iliyo chini ya wamisionari. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyekuwa mtetezi mashuhuri wa mpango huo. Watu walitoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi, na safari hii walitarajiwa kukaa, kuzaa, na kuwalea watoto ambao nao wangekuwa wafanyakazi.

Nyumba ya matofali ni mtoto wa hesabu hiyo. Ukuta wa matofali ya kuchoma ulidumu kuliko udongo. Sakafu ya saruji iliweza kuoshwa. Matundu ya hewa juu ya madirisha yalipunguza ugonjwa wa kifua. Paa la mabati halikuficha panya wala halikushika moto kama majani. Kuziunganisha nyumba kwa ukuta wa kati kuliokoa matofali na fedha. Kuzipanga kwa mistari iliyonyooka kulirahisisha bomba la maji, mfereji wa maji machafu, na jambo la tatu ambalo halikuandikwa sana: kulimrahisishia msimamizi wa kampi kuona kila mlango. Vyoo na mabomba ya maji katika siku za mwanzo vilikuwa vya ushirika, na jiko lilikuwa uani. Ukubwa wa nyumba ulifuata cheo cha mfanyakazi na idadi ya watoto, kiasi kwamba mtu aliyepita njiani aliweza kujua daraja la mwenye nyumba kabla hajamwona mwenyewe.

Mwenye nyumba, tumesema. Lakini neno hilo halikuwa sahihi wakati ule. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Kampuni iliipaka rangi, iliitengeneza, na ilituma watu kukagua usafi wake. Aliyeachishwa kazi aliachishwa na nyumba. Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma kwa ajili ya mishahara walipokusanyika katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi, askari waliwapiga risasi na makumi wakauawa. Uwanja huo na safu za nyumba ni sehemu za ramani moja, na mtu hawezi kuueleza uzuri wa zile safu akaacha kuutaja.

Maneno matatu

Lugha iliyosikika katika makambi ya kwanza ilikuwa mchanganyiko wa migodi ya kusini, aina ya Kifanagalo, kwa sababu wasimamizi na wafanyakazi wengi walitoka huko. Kiswahili kilikwisha kufika Katanga katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, na kilishika nafasi ya lugha ya kazi kadiri kampuni ilivyoacha kutegemea Rodezia. Johannes Fabian ameieleza historia hiyo kwa urefu katika kitabu chake cha 1986. Yeye na wenzake ndio pia waliochapisha, mwaka 1990, ile historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1965 na André Yav kwa ajili ya watumishi wa nyumbani, maandishi ambayo kila mwanafunzi wa lahaja hii angepaswa kuyasoma.

Neno la kwanza la kuangaliwa ni kampi. Msomaji wa pwani atalilinganisha mara moja na kambi, lakini maana zimeachana. Kambi ni tuo la msafara au la askari. Watu hulala hapo wakijua wataondoka. Kampi ya Lubumbashi ni mtaa wa kudumu wa watu wa kazi moja: kampi ya Union Minière, kampi ya reli ya BCK. Kampuni yenyewe ilipoanza kupendelea neno la Kifaransa lenye heshima zaidi, cité, wakaazi waliendelea kusema ku kampi. Walikuwa na sababu. Neno hilo lilishika ukweli kwamba mtu alikaa hapo kwa idhini.

La pili ni barza. Hapa historia ni ya kufurahisha. Baraza ya pwani, lile benchi la mawe mbele ya nyumba za Lamu na Unguja ambapo wanaume huketi na kuzungumza, lilisafiri bara pamoja na lugha. Wabelgiji walilichukua na kuliingiza katika Kifaransa chao cha Kongo kwa umbo la barza, wakimaanisha ukumbi wenye paa mbele ya nyumba. Wakaazi wa Lubumbashi nao husema barza. Kupotea kwa irabu ya kati ni ushahidi wa njia iliyopita: Kiswahili hupenda silabi wazi, na hakuna sababu ya ndani ya kuziunganisha r na z namna hiyo. Neno lilitoka katika Kiswahili, likapita vinywani mwa wageni, likarudi kwa wenyewe likiwa limekatwa. Hata hivyo matumizi yake katika kampi yalirudi karibu na ya pwani kuliko ya wakoloni. Barza ya mzungu ilikuwa mahali pa kupunga hewa. Barza ya kampi, fupi kama ilivyo, ndiyo mahali pa kupokea wageni, kusuka nywele, kuuza karanga, kusuluhisha ugomvi na kumlilia aliyekufa.

La tatu ni lupango, ambalo lina ndugu yake katika Kibemba, na maana yake ni kiwanja cha mtu pamoja na uzio wake. Neno hili lilistawi katika mitaa iliyokuwa nje ya kampi: Kamalondo, Kenya, na baadaye Katuba na Ruashi. Katuba hasa ilijengwa na wakaazi wenyewe kwa mikopo chini ya mpango ulioshughulikiwa na mtawala Ferdinand Grévisse katika miaka ya 1950. Mtu wa Katuba alikuwa na lupango, akajenga humo kidogo kidogo, akaongeza vyumba vya kupangisha, akapanda mwembe. Mtu wa kampi alikuwa na nyumba tu. Mbele yake palikuwa njia, nyuma yake ua, na vyote viwili vilikuwa vya kampuni. Tofauti hiyo ya maneno mawili ndiyo inayoeleza, kuliko jambo jingine lolote, kinachozipata nyumba za kampi leo.

Kampi inapogeuka kuwa malupango

Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa 1967 na hatimaye ikawa Gécamines. Kwa miaka mingi kampuni ya taifa iliendeleza utaratibu wa zamani wa nyumba, shule, hospitali na unga. Kisha ukaja msiba: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakosekana kwa miezi. Mwaka 2003 na 2004, chini ya mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa malipo ambayo wengi wao mpaka leo huyahesabu kuwa pungufu. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa amekwisha kukipa kitabu chake cha 2001 jina linaloeleza hali hiyo: wana wa shaba walioachwa na baba yao.

Nyumba nyingi ziliingia mikononi mwa waliokuwa wakikaa ndani yake. Kwa wengine nyumba ndiyo pensheni pekee. Ni lazima jambo hili lizingatiwe kabla ya neno lolote juu ya uhifadhi, kwa kuwa mzee anayekata barza yake ili apate chumba cha kupangisha anafanya anachokifanya kila mwenye mali: anatafuta chakula. Nyumba imekuwa yake. Anataka iwe lupango. Hivyo anajenga ukuta mbele, anatia lango, anaongeza kibanda cha duka kando ya njia, anafunga matundu ya hewa kwa sababu ya wezi na mbu. Mtindo anaouiga ni ule wa Luano na wa mitaa mingine mipya, ambao ndio alama ya mtu aliyefanikiwa.

Hasara zake ni za aina mbili, na moja ni ya kiufundi kabisa. Nyumba za safu huishi kwa kutegemeana. Paa moja linafunika familia mbili au nne. Ukuta wa kati unabeba mbao za pande zote. Jirani mmoja akiinua paa lake ili apate chumba cha juu, au akivunja nusu yake ajenge upya, maji ya mvua huingia kwenye kiungo, mbao za jirani huoza, na ukuta wa kati, ambao haukujengwa kusimama peke yake, hupasuka. Mji huu hupata mvua nyingi kati ya Novemba na Machi, na kisha miezi mirefu ya ukavu. Kuloa na kukauka huko kila mwaka ndiko kunakomaliza tofali la zamani.

Jambo jingine ni lipu ya saruji. Mwenye nyumba huona matofali yaliyoliwa chini ya ukuta na kuyafunika kwa saruji ngumu, akidhani ameyaponya. Tofali la kuchoma la zamani ni laini, nalo hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea usoni pake na kukauka. Likifungwa kwa saruji, unyevu hukosa njia, hupanda juu zaidi na kulimomonyoa tofali kutoka ndani, mpaka siku moja lipu inaanguka pamoja na nusu ya tofali. Dawa ni chokaa na mchanga badala ya saruji, mfereji wa kuondoa maji mguuni pa ukuta, na kurefusha paa lililokatwa. Hakuna lolote katika hayo linalohitaji mtaalamu wa ng'ambo. Linahitaji mwashi aliyeambiwa sababu, na bei ambayo mwenye nyumba anaimudu.

Aina ya pili ya hasara ni ya jamii. Barza zikifungwa, njia hukosa macho. Katika safu ya zamani kila mtoto alionekana na kila mgeni alisalimiwa. Hii ilikuwa shabaha ya msimamizi, lakini wakaazi waliigeuza kuwa usalama wao wenyewe. Ukuta mrefu unampa mtu faragha ambayo kampuni ilimnyima kwa miaka mingi, na ni haki yake kuitaka. Pamoja na hayo unamtenga na jirani ambaye bado wanagawana paa.

Nini kihifadhiwe

Sheria ya nchi juu ya ulinzi wa mali za utamaduni, namba 71-016 ya 15 Machi 1971, ipo. Lakini Lubumbashi inapotajwa kuhusu majengo ya urithi, midomo hukimbilia kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, sinagogi, na ukumbi wa tamthilia wa Claude Strebelle. Nyumba za wale waliochimba shaba iliyogharimia majengo hayo hazitajwi.

Inafaa kukumbuka kwamba Wabelgiji wenyewe wamefanya vingine kwao. Mwaka 2012 maeneo manne ya migodi ya Wallonia yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Miongoni mwake ni Grand-Hornu, yenye nyumba za wafanyakazi zaidi ya 400 zilizoanza kujengwa katika miaka ya 1810, na Bois-du-Luc, ambako safu za nyumba za karne ya 19 huitwa Carrés. Mwaka huo huo bonde la migodi la kaskazini mwa Ufaransa liliandikwa pia, pamoja na vijiji vyake vya nyumba za safu. Watu wanaendelea kuishi katika nyumba hizo. Mawazo yaliyojenga kampi ya Lubumbashi yalitoka katika dunia hiyo hiyo ya kampuni inayomlisha, kumlaza na kumchunga mfanyakazi. Tofauti ni kwamba hapa ubaguzi wa rangi uliongezwa juu yake, na kampi zikawekwa mbali na mji wa wazungu. Kama nyumba ya mchimbaji wa Ubelgiji ni urithi wa dunia, ni vigumu kuona kwa nini ya mchimbaji wa Katanga iwe kifusi.

Mfano wa Lamu, ulioandikwa mwaka 2001, na wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioandikwa mwaka 2000, unafundisha tahadhari. Huko kanuni zilipokuwa kali kuliko uwezo wa wenye nyumba, nyumba zilifungwa au ziliuzwa kwa wenye hoteli. Kampi haitapata hoteli. Itapata magofu.

Kwa hiyo kuna haja ya kuchagua. Ndani ya nyumba pabadilike: mtu aingize choo na jiko, aunganishe vyumba viwili, atie dari. Ule mgawanyo wa vyumba ulipangwa na kampuni kwa vipimo vyake, na hakuna deni la kuutunza ila katika nyumba moja au mbili za kuonyesha. Kinachostahili kulindwa ni kile ambacho wakaazi walikifanya kuwa chao na ambacho hakuna mmoja wao anayeweza kukiokoa peke yake: mstari wa safu, paa la pamoja, ukuta wa kati, na barza zilizo wazi kuelekea njia. Anayehitaji chumba zaidi akijenge uani, mahali ambapo jiko lilikuwa, nyuma ya safu. Uzio wa mbele uwe mfupi kiasi cha mtu aliyeketi barzani kumwona apitaye. Na kwa kuwa paa ni la wote, matengenezo yake yawe kwa mapatano ya safu nzima, yaliyoandikwa na kutambuliwa na wilaya, ili atakayenunua nyumba ya katikati ajue kwamba amenunua pia wajibu kwa jirani wa kulia na wa kushoto.

Kwa upande wa chuo kikuu, kazi iliyo karibu ni ya kalamu na futi kamba. Safu zipimwe, zipigwe picha, na wakati huo huo wazee wahojiwe kwa lugha yao wenyewe, mu nyumba na ku barza, kuhusu jina la kila sehemu na kilichofanyika hapo. Fundi anayepima bila kuuliza majina ataandika "veranda" na "kiwanja", na kwa maneno hayo mawili atakuwa amekwisha kuifuta tofauti kati ya kampi na lupango. Ianzwe na zile safu ambazo paa lake bado ni moja, na ianzwe kabla ya mvua za Novemba.